Msee Amezima Mbele Yako? Hivi Ndivyo Utapiga CPR Ishike, Hata Kama Hujawahi Kuisomea

Chukulia mko kwa uwanja wa mtaa Jumapili jioni, game imeshika moto. Jamaa anakimbia bila mpira, hakuna mtu amemgusa, halafu anaanguka uso chini. Haamki.

Sasa cheki vile huwa inaenda. Mmoja anakimbia kuleta maji amwagie. Mwingine anapiga kelele "mpeeni hewa!" Wa tatu ametoa simu anachukua video. Wa nne ameita nduthi. Kuna mathe pale kando ameanza kuomba. Dakika nne zimekatika, na kitu kimoja tu chenye kingemsaidia bado hakijafanywa: hakuna mtu ameweka mikono kwa kifua chake akabonyeza.

Labda ushawahi ona hiyo CPR kwa muvi ukadhani ni ya madaktari. Si ya madaktari pekee. Ni ya yule mtu amesimama karibu zaidi, na mara nyingi huyo ni wewe. Huhitaji cheti ndio uanze. Lakini pia tuambiane ukweli: kuna CPR ya kusaidia na kuna ile ya kupapasa mtu kifua ndio watu waone unafanya kitu. Tofauti ya hizo mbili si shule. Ni uoga. Watu hubonyeza juu juu, polepole, na kuachaacha, kwa sababu wanaogopa kuumiza. Ukitoa hiyo baridi, kazi kubwa imeisha.

CPR hufanya nini haswa?

Moyo ni pampu. Ikisimama, damu husimama, na ubongo ndio huumia wa kwanza. Kuanzia kama dakika nne hadi sita hivi bila damu, ubongo huanza kuharibika. Kila dakika inapita bila mtu kufanya CPR, uwezekano wa huyo msee kupona hushuka kwa karibu asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe. Ambulansi ikichelewa dakika kumi na hakuna mtu amemgusa, itafika ikute hakuna la maana limebaki.

Lakini damu yake bado iko na oksijeni kiasi, haswa kama ameanguka ghafla. Shida ni kwamba imesimama. Ukibonyeza kifua, mikono yako inakuwa pampu ya muda. Ujanja huu si mpya. Mwaka wa 1960, watafiti watatu wa Johns Hopkins huko Marekani, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walichapisha ripoti wakionyesha kwamba unaweza kusukuma damu bila kupasua mtu kifua. Kabla ya hapo, kusukuma moyo uliosimama mara nyingi kulimaanisha kifua kifunguliwe kwa kisu na moyo ushikwe kwa mkono.

Hapa ndipo stori ya ubora inaingia. Hata CPR iliyofanywa poa kabisa husukuma robo tu, au theluthi, ya damu yenye moyo mzima husukuma. Hiyo ndio bei ya juu. Ukifanya nusu nusu, unampea nusu ya hiyo robo, na ubongo hauishi na makombo.

Muamba na Eriksen

Kama unafuata soka, hizi mbili unazijua. Machi 17, 2012, Fabrice Muamba wa Bolton, kijana aliyezaliwa Kinshasa, alianguka uwanjani White Hart Lane kwa mechi ya FA dhidi ya Tottenham. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga vizuri wenyewe. Dakika sabini na nane! Lakini mikono haikuacha kifua chake, kuanzia uwanjani, kwa ambulansi, mpaka hospitali. Leo yuko hai.

Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen wakicheza na Finland kwa Euro. Alifanyiwa CPR hapo kwa nyasi, akapigwa shoti ya mashine, akarudi. Mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena Ligi Kuu ya Uingereza na Brentford.

Utasema hao walikuwa na madaktari kando ya uwanja. Kweli. Hiyo ndio sababu kwenye uwanja wa mtaa, kwa jim, kwa stage ama kejani, zile dakika za kwanza ni zako. Hakuna mwingine.

Utajuaje ni CPR anahitaji?

Usitafute mapigo ya moyo kwa mkono ama shingo. Hata watu wamesomea huchanganyikiwa hapo, na wewe unaweza kuhisi mapigo ya vidole vyako mwenyewe udhani ni yake. Fanya vitu viwili tu.

Mtingishe mabega, umwite kwa sauti. Haitiki? Mlaze chali, cheki kifua chake kwa sekunde zisizozidi kumi. Hapumui, ama hapumui vile mtu hupumua kawaida? Anza.

Hilo neno "kawaida" ndilo huua watu. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kutoa sauti kama anakoroma, ama kuvuta hewa kwa kwikwi, moja sasa, nyingine baadaye sana, kama samaki ametolewa majini. Watu wakiona hivyo husema, "Ako sawa, bado anapumua." Hayuko sawa. Hizo si pumzi, ni ubongo unalia. Wengine pia hutetemeka kidogo wakianguka, watu wanadhani ni kifafa na wanaanza kutafuta kijiko. Kwanza, kijiko usimtie mtu mdomoni, hata kama ni kifafa kweli. Pili, akiacha kutetemeka na hapumui vizuri, anza kubonyeza.

"Na nikikosea je, kama moyo wake haukuwa umesimama?" Poa, hili ndilo swali la watu wengi. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu akibonyezwa kifua kimakosa, majeraha makubwa ni nadra. Atakusukuma mkono, atalalamika, utaacha. Ukikosea kwa upande ule mwingine, hatalalamika kamwe.

Simu kwanza, kwa spika

Usiseme tu "mtu apige simu!" Kila mtu atadhani ni mwingine ameambiwa. Onyesha mtu mmoja kwa kidole: "Wewe wa jezi nyekundu, piga 999 ama 112, useme tuko wapi." Kenya Red Cross pia wako na laini ya 1199. Mwambie mwingine atafute moti, na mwingine aulize kama kuna mashine ya AED karibu.

Uko peke yako? Piga, weka simu kwa spika, iweke chini kando ya kichwa chake, endelea kuongea ukibonyeza. Simu ikishikwa kwa sikio, mkono mmoja umepotea, na CPR ya mkono mmoja kwa mtu mzima haifiki popote.

Makosa sita yenye huharibu CPR

1. Mahali ni pabaya

Si upande wa kushoto "pale moyo uko". Ni katikati ya kifua, kwa ule mfupa mrefu unaoshika mbavu, nusu yake ya chini. Weka sehemu ngumu ya chini ya kiganja, pale karibu na kifundo cha mkono. Weka mkono wa pili juu yake, shikanisha vidole. Usishuke mpaka tumboni.

Na usimfanyie kwa kitanda, sofa ama kiti cha mathree. Ukibonyeza mtu kwa godoro, chenye kinashuka ni godoro. Mshushe sakafuni ama chini kwa mchanga mgumu, kisha uanze.

2. Unabonyeza juu juu

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kwa mtu mzima, kifua kinafaa kushuka angalau sentimita 5, kisizidi 6. Toa kadi yako ya ATM uangalie ule upande mfupi: ni sentimita 5.4. Hicho ndicho kina unatafuta. Inakaa mbali kuliko vile ulidhani, si ndio?

Kwa wengi, kufikisha kifua hapo kunahitaji nguvu ya kama kilo 50, uzito wa gunia moja la simiti. Misuli ya mikono pekee haiwezi kazi hiyo. Piga magoti karibu naye kabisa, nyoosha viwiko, leta mabega yako juu ya mikono yako, halafu tumia uzito wa mwili. Kiwiko kikikunjwa, unafanya push-up na utachoka kwa sekunde thelathini.

Wataalamu wamegundua jambo la kushangaza kuhusu watu wanaoelekezwa kwa simu na hawajawahi kusomea. Ukiwaambia "bonyeza sentimita tano", wanabonyeza kwa heshima. Ukiwaambia "bonyeza kwa nguvu zako zote", wanakaribia kina kinachofaa zaidi. Kwa hivyo sahau rula. Jiambie hivyo hivyo: nguvu zangu zote.

Unaweza kusikia mbavu ikilia "tak". Hutokea, hata kwa madaktari. Usiache. Cheki tu kama mkono wako bado uko katikati, uendelee. Mbavu hupona. Ubongo ulionyimwa damu haurudi.

3. Biti imekupotea

Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kila sekunde. Mtu akiwa na hofu huenda njia mbili: anavuta polepole kama anakanda chapo, ama anakimbia mbio hata kifua hakipati nafasi ya kushuka.

Wengi hufundishwa na ngoma ya Bee Gees, "Stayin' Alive", kwa sababu biti yake ni kama 103 kwa dakika. Mwaka wa 2012, British Heart Foundation waliitumia kwa tangazo la TV na yule mcheza filamu Vinnie Jones. Lakini si lazima uimbe ngoma ya wazae. Chagua ngoma yako: weka saa ya simu sekunde 15, piga makofi ukifuata biti, hesabu. Ukipata kati ya 25 na 30, hiyo ndiyo ngoma yako ya CPR. Iweke kichwani.

4. Unaegemea

Ukibonyeza, damu inatoka kwa moyo. Ukiachilia, moyo unajaa tena. Kama unabaki umeegemea kifua kati ya kubonyeza, moyo haujai, na unachosukuma mara inayofuata ni hewa tu ya bure. Achilia kifua kirudi juu kabisa, lakini mkono usiruke kutoka pale ulipo. Shuka, panda, shuka, panda.

5. Unaachaacha

Unabonyeza mara kumi, unasimama kuangalia kama ameamka. Unabonyeza tena, mtu anakuambia "ngoja kwanza tumwombee". Kila ukisimama, presha yenye ulikuwa umejenga inaanguka papo hapo, na inachukua mibonyezo kadhaa kuirudisha. Maombi yaendelee, hakuna shida, lakini mikono pia iendelee.

Tena kuna uchovu. Ubora wa CPR huanza kushuka baada ya dakika moja ama mbili, na wewe mwenyewe hutajua. Utakuwa unajiona uko fiti na kumbe kifua kinashuka nusu. Ndio maana mnabadilishana kila dakika mbili, hata kama anayebonyeza anasema hajachoka. Anayefuata apige magoti upande wa pili, ahesabu, aingie bila pengo. Wale watu wote wamezunguka wakiangalia? Hao ndio timu yako. Wapange laini.

6. Unaona haya kumgusa

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2018 ulipata kwamba mioyo ikisimama hadharani, asilimia 45 ya wanaume walifanyiwa CPR na wapita njia, lakini kwa wanawake ilikuwa asilimia 39. Watu huogopa kugusa kifua cha manzi, wanaogopa kuonekana vibaya. Hapa kwetu hiyo aibu tunaijua vizuri. Lakini mfupa wa katikati ni ule ule kwa kila mtu. Si lazima umvue nguo ndio ubonyeze. Kama ni mathe ama dadako ameanguka, ungetaka jamaa wa kando awe na haya?

Na kupuliza mdomoni je?

Kwa mtu mzima ameanguka ghafla na wewe hujasomea, wacha mdomo. Mikono pekee inatosha. Hiyo ni moja ya sababu watu huhepa: wanafikiri lazima wabusu mtu hawamjui.

Tofauti iko kwa mtoto mdogo, na kwa mtu aliyezama majini ama kukosa hewa. Hao oksijeni ndiyo iliisha kwanza, kwa hivyo pumzi zina maana kubwa: mibonyezo 30, kisha pumzi mbili, unarudia. Kama hujui kupuliza, bado bonyeza. Kitu ni bora kuliko bure. Kwa mtoto, kina ni kama theluthi moja ya kifua chake, na mkono mmoja unaweza kutosha.

Ukikuta msee amepigwa na stima, usimguse kabla umeme kuzimwa. Huwezi saidia mtu kama mmelala wawili.

Ile stori ya nduthi

Tunajua vile huwa: mgonjwa anawekwa katikati ya dere na mtu wa kumshika, nduthi inatoka mbio. Kwa mguu uliovunjika unaweza kuelewa. Kwa moyo umesimama, hiyo safari ni dakika ishirini za kichwa kuning'inia bila damu hata tone. CPR haifanyiki kwa nduthi.

Anza pale pale ameanguka. Msaada ukiwa njiani, endeleeni hapo hapo. Kama kweli hakuna ambulansi na mmepata moti, iwe ni gari lenye anaweza kulala chali kwa sakafu ngumu, na mikono isiache kifua njia yote. Kubonyeza ndani ya gari linalotembea ni ngumu na hakufiki vizuri, lakini kuacha kabisa ni kubaya zaidi.

Mkifika hospitali na mtu aanze stori ya pesa kwanza, jua haki yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hafai kunyimwa matibabu ya dharura. Itaje kwa sauti.

Mashine ikifika

AED ni ile sanduku ndogo ya kupiga moyo shoti. Hapa kwetu si nyingi, lakini ukiwa kwa moli kubwa, uwanja wa ndege ama ofisi kubwa, uliza soja. Mashine yenyewe huongea. Unaifungua, unabandika pedi kwa kifua kitupu vile picha inaonyesha, unafuata sauti. Haitapiga shoti mtu asiyehitaji. Kitu kimoja tu: mwenzako abandike pedi wewe ukiendelea kubonyeza. Simama tu pale mashine inasema msimguse.

Na asiporudi?

Hii lazima tuseme. Wengi hawarudi, hata CPR ikifanywa poa. Mikono yako inanunua muda mpaka shoti na madaktari wafike, na wakati mwingine muda hautoshi. Hiyo si kosa lako. Ulimkuta moyo umesimama. Hungeweza kumfanya awe mbaya zaidi ya hapo. Ukitoka hapo unatetemeka na usingizi umekataa, ongea na mtu. Ni kawaida.

Fanya hii leo usiku

Kunja mto, uweke sakafuni, piga magoti. Nyoosha viwiko, bonyeza kwa ngoma yako dakika mbili kamili. Usifanyie rafiki yako mzima, hiyo itamuumiza. Kufikia dakika ya pili jasho litakuwa limetoka, na utaelewa mbona mnahitaji kubadilishana. Save 999, 112 na 1199 kwa simu. Kama mko na timu ya mtaa, chama ama jim, fanyeni hii zoezi pamoja kabla ya game.

Halafu tumia mbogi hii kwa WhatsApp:

Haitiki na hapumui kawaida? Elekeza mtu mmoja apige simu. Mlaze chali pahali pagumu. Mikono miwili katikati ya kifua, viwiko vimenyooka. Bonyeza kwa nguvu zako zote, mbili kila sekunde, achilia kifua kirudi. Badilishaneni kila dakika mbili. Msiache mpaka aamke, mashine iseme, ama wenye kazi yao wafike.